MEM /C, /D, /F, /M au MSD: ripoti ipi ya kumbukumbu uitegemee unapopanga draiva za MS-DOS

Programu inakataa kuanza, inadai kumbukumbu haitoshi. Unaandika MEM, amri ya MS-DOS inayoripoti kumbukumbu, nayo inakuonyesha megabaiti kadhaa ambazo hazijaguswa. Ripoti haijakosea, na programu nayo haijakosea. Zinazungumzia sehemu mbili tofauti za kumbukumbu. Kwa anayetunza mashine ya MS-DOS hadi leo, iwe inaendesha kifaa cha maabara, programu ya mahesabu isiyo na mrithi, au michezo ya miaka ya 1990 ndani ya emuleta, kazi kubwa ni kujua draiva ipi imekaa wapi, imechukua kiasi gani, na kama inaweza kuhamishwa.

MS-DOS 6 inatoa zaidi ya ripoti moja kuhusu jambo hilo, na kila moja inajibu swali lake. Nauweka msimamo wangu mapema: anza na MEM /C, amua kwa MEM /F, kisha hakikisha kwa MEM /M. MEM /D itunze kwa ugomvi wa majina na anwani. MSD, programu ya Microsoft ya kuchunguza mashine, ni ya kutafuta mianya ambayo MS-DOS yenyewe haijaihesabu, wala usiifanye mizani ya kupimia draiva. Sababu zinafuata, na pale ambapo watu hukosea kusoma nitakaa kidogo.

Toleo lako lina nini

Kabla ya MEM, njia ya kawaida ya kujua kumbukumbu iliyobaki ilikuwa CHKDSK, ambayo mwishoni mwa taarifa za diski ilitaja baiti 655,360 na zilizobaki. Haikutaja draiva hata moja. MEM ilikuja na MS-DOS 4.0 mwaka 1988, ikiwa na swichi za /PROGRAM na /DEBUG. MS-DOS 5.0 ya mwaka 1991 iliongeza /CLASSIFY, ndiyo /C, kwa sababu toleo hilo ndilo lililoleta DEVICEHIGH na LOADHIGH, amri za kupakia draiva na programu kwenye kumbukumbu ya juu, na mtu alihitaji kuona nani yuko chini na nani kapanda juu. MS-DOS 6.0 ya mwaka 1993 ikaleta /FREE, /MODULE na /PAGE.

Hapo pana mtego kwa anayefuata maelekezo ya zamani. Katika toleo la 5, /P ni orodha ya programu. Katika toleo la 6, /P ni kusimamisha skrini ukurasa baada ya ukurasa, na orodha ile ya zamani haipo tena. Ukiandika MEM /P kwenye toleo la 6 ukapata muhtasari mfupi tu, hakuna kilichoharibika. Andika VER kwanza, ujue uko toleo gani.

Ramani, kwa ufupi

Kilobaiti 640 za kwanza ni kumbukumbu ya kawaida. Humo ndimo programu za DOS hukimbia, na humo ndimo draiva hujibanza zisipopelekwa kwingine. Kutoka 640 hadi 1024 ni eneo la juu, kilobaiti 384 za anwani, zinazogawanywa kati ya kadi ya skrini, BIOS na kadi nyingine. Mapengo yaliyomo humo yanaweza kujazwa RAM na EMM386, draiva ya kusimamia kumbukumbu kwenye kichakato cha 386, na kuwa vitalu vya juu vya kuwekea draiva. Juu ya megabaiti moja kuna baiti 65,520 za eneo maalumu ambamo DOS=HIGH huhamishia sehemu kubwa ya MS-DOS. Kinachobaki ni XMS, inayosimamiwa na HIMEM.SYS.

Programu ya kawaida ya DOS ikilalamika, inalalamikia kilobaiti 640 zile. Megabaiti zako zilizo wazi ziko XMS, na programu isiyojua kuziomba haiwezi kuzifikia.

MEM /C: nani anakula nini

Hii ndiyo ripoti ya kuanza nayo. Inapanga kila moduli kwa jina, jumla yake, kisha inaigawa jumla hiyo mara mbili: iliyoko kumbukumbu ya kawaida na iliyoko juu. Chukua mashine hii ya mfano, yenye megabaiti 8, EMM386 iliyowekwa NOEMS (yaani isitoe EMS, aina ya kumbukumbu ya ziada inayofikiwa kupitia dirisha), na kadi ya mtandao inayoshika anwani D000 hadi D3FF. MTANDAO ni programu ya mtandao inayobaki kumbukumbuni, CDROM ni draiva ya kisoma CD, SMARTDRV ni kache ya diski, na DOSKEY hukumbuka amri ulizoandika:

```
Jina        Jumla   Kawaida   Juu
MSDOS        17K      17K      0K
HIMEM         1K       1K      0K
EMM386        4K       4K      0K
COMMAND       3K       3K      0K
CDROM        36K       0K     36K
SMARTDRV     29K       0K     29K
MOUSE        17K       0K     17K
DOSKEY        4K       0K      4K
MTANDAO      26K      26K      0K
```

Nguvu ya /C iko kwenye safu mbili za mwisho. Jicho linaenda moja kwa moja kwa MTANDAO: iko chini na kilobaiti zake 26, ingawa AUTOEXEC.BAT, mojawapo ya faili mbili za kuanzia pamoja na CONFIG.SYS, imeandika LOADHIGH mbele yake. Hilo ni jambo la kulikumbuka daima. DEVICEHIGH na LOADHIGH zikikosa nafasi juu, hupakia chini bila kusema neno. Hakuna ujumbe wa kosa. Faili za kuanzia zitaonekana sahihi kabisa, na kilobaiti zako zitapotea kimyakimya. Ripoti ndiyo shahidi pekee, kwa hiyo usisome CONFIG.SYS ukadhani umeisoma kumbukumbu.

Chini ya orodha hiyo kuna muhtasari, na huo unahitaji kusomwa kwa makini zaidi. Kwenye mashine yetu utaonyesha Conventional 640K, Upper 144K, Reserved 384K na Extended 7,024K, jumla 8,192K. Wengi husimama hapo na kuuliza: 640 na 144 na 384 ni 1,168, sasa imekuwaje sehemu iliyo chini ya megabaiti moja ikazidi 1,024? Jibu ni kwamba muhtasari unahesabu RAM halisi, na anwani ni jambo jingine. Zile 144K za juu zilitolewa kwenye kumbukumbu ya XMS, na EMM386, kwa uwezo wa kichakato cha 386, ikazifanya zionekane kwenye mapengo ya anwani za juu. Reserved ni zile 384K zilizotengwa kwa mfumo, ambazo hukuwahi kuwa nazo mkononi. Usijaribu kuokoa kitu kutoka mstari wa Reserved kwa kupanga draiva upya. Haupungui kwa njia hiyo.

Mstari wenye uzito mkubwa kuliko yote ni ule wa "Largest executable program size". Programu inapoanza hupewa kipande kimoja kisichokatika, na mstari huu ndio unaotaja kipande hicho. Jumla ya nafasi huru inaweza kuwa kubwa kuliko hapo. Ukilinganisha mashine mbili, au hali kabla na baada ya mabadiliko, linganisha mstari huu kwanza.

Sasa yale ambayo /C haikuambii. Kwanza, inahesabu tu kilicho chini ya megabaiti moja. SMARTDRV inaonekana imechukua 29K, lakini kache yenyewe, ambayo inaweza kuwa megabaiti mbili, iko XMS, na utaiona tu kama tofauti kwenye safu ya iliyotumika ya mstari wa Extended. Pili, mstari wa MSDOS ni kapu. Humo mna FILES, BUFFERS, STACKS, LASTDRIVE na draiva za ndani. Ukiongeza BUFFERS kupita kiasi kinachoenea kule DOS ilikohamia, bafa hazigawanyiki, zote zinashuka kumbukumbu ya kawaida, na /C itakuonyesha tu kwamba MSDOS imenenepa, bila kutaja kisa. Tatu, saizi unayoiona ni ya mwisho, baada ya draiva kutupa sehemu yake ya kuanzia. Hili la tatu ndilo linalozaa matatizo mengi, na nitalirudia kwenye /F.

Kuna jina moja kwenye orodha linalosingiziwa mara nyingi: DRVSPACE, au DBLSPACE kwa aliyeko toleo la 6.0 au 6.2. Watu hufuta mstari wa DRVSPACE.SYS kwenye CONFIG.SYS wakitumaini kuokoa nafasi, kisha wanashangaa moduli bado ipo, tena chini. Mbanaji wa diski hupakiwa kutoka faili ya DRVSPACE.BIN kabla CONFIG.SYS haijasomwa. Kazi ya mstari ule wa .SYS ni kuihamisha tu. DEVICEHIGH ikiwa mbele yake, ndipo inapopanda juu. Ukiufuta, umejinyima njia ya kuipandisha.

MEM /D: majina mawili ya draiva moja

Ripoti ya /D ni ndefu, ina safu ya segimenti kwa heksadesimali, na inavunja lile kapu la MSDOS. Kila sehemu ya FILES, BUFFERS na STACKS inajitokeza na kiasi chake. Kwa hiyo MSDOS ikinenepa kwenye /C, hapa ndipo pa kumtafuta mhusika.

Segimenti zidisha kwa 16 upate anwani. A000 mara 16 ni 655,360, yaani mwisho wa kumbukumbu ya kawaida. Chochote chenye segimenti ndogo kuliko A000 kiko chini, kikubwa kiko juu. Juu kabisa ya orodha utaona jedwali la vekta za interapti, baiti 1,024 kwenye anwani sifuri, kisha data za BIOS kwenye segimenti 40, na data za IO.SYS kwenye segimenti 70. Hizo huwezi kuzihamisha, zipite.

Faida ya pekee ya /D ni kwamba inataja draiva kwa majina yote mawili: jina la faili iliyoipakia na jina la kifaa ambalo programu zinaliita. HIMEM.SYS inajitambulisha kama XMSXXXX0. EMM386 ikitoa EMS, kifaa chake ni EMMXXXX0, na ikiwekwa NOEMS hujiita EMMQXXX0. Hilo si pambo. Programu nyingi hutafuta EMS kwa kujaribu kufungua kifaa kinachoitwa EMMXXXX0, na zikikikosa husema hakuna EMS. Vivyo hivyo kwa kisoma CD: jina uliloipa draiva kwa /D: kwenye CONFIG.SYS lazima lilingane na lile ulilompa MSCDEX, programu inayoipa CD herufi ya diski, kwenye AUTOEXEC.BAT. Mara nyingi MSCD001 ndilo hutumika. MEM /C itakuonyesha jina la faili tu, na kwa mtazamo wake kila kitu kiko sawa. MEM /D ndiyo itakayokuonyesha kwamba mmoja anaita jina ambalo mwingine hana.

Draiva za diski hazina jina la kifaa. Kichwa cha draiva ya aina hiyo huweka idadi ya diski inazozisimamia mahali ambapo draiva nyingine huweka herufi nane za jina. Ndiyo maana kwenye ripoti utaona herufi za diski, kama D: au E:, na jina la faili kando yake.

Udhaifu wa /D ni wingi wa maneno. Anayetafuta tu kwa nini amebakiwa na 589K atapotea humo. Namba ya eneo la juu, utakayoihitaji kwenye swichi ya /L inayochagua eneo la kupakia, imo, ila imezama ndani ya orodha hiyo ndefu.

MEM /F na MEM /M: mahali pa kufanyia uamuzi

Turudi kwa MTANDAO. Juu kuna nafasi huru ya 58K, kwa maana 144 toa 86 zilizotumika. MTANDAO inahitaji 26K. Kwa nini imeanguka chini?

MEM /F inajibu nusu ya swali. Inaorodhesha maeneo ya juu kwa namba, na kwa kila eneo inataja kipande kikubwa zaidi kilicho huru, jumla iliyo huru, na saizi ya eneo zima. Kwenye mashine yetu kadi ya mtandao imelikata eneo la juu vipande viwili: C800 hadi CFFF ni 32K, ndilo eneo la 1, na D400 hadi EFFF ni 112K, ndilo eneo la 2. Baada ya kila kitu kupakiwa, eneo la 1 limebakiwa na 28K na eneo la 2 limebakiwa na 30K. Zile 58K za muhtasari ni jumla ya vipande viwili visivyounganika.

Lakini 26K inaenea kwenye kipande chochote kati ya hivyo viwili. Nusu ya pili ya jibu ni ile saizi ya kuanzia. Tuseme MTANDAO inapoanza inahitaji 48K: inasoma usanidi wake, inatambua kadi, inajenga majedwali, kisha inatupa sehemu hiyo na kubaki na 26K. MS-DOS inaangalia kama zile 48K zinaenea. Hazienei popote, kwa hiyo inaipakia chini. MEM haina ripoti inayotaja saizi ya kuanzia. Saizi ya faili kwenye diski hukupa fununu, hasa kwa draiva za .SYS, ila si kipimo, kwa kuwa draiva inaweza kuomba zaidi baada ya kuamka, na faili ya .EXE inaweza kuomba nafasi iliyo kubwa kuliko yenyewe.

Dawa ni mpangilio. Bila swichi yoyote, MS-DOS huweka kila kinachokuja kwenye kipande huru kilicho kikubwa zaidi kwa wakati huo. Fuatana nami kwenye mpangilio wa sasa. CDROM inaingia eneo la 2, linabaki 76K. SMARTDRV inaingia hapohapo, linabaki 47K. MOUSE tena eneo la 2, linabaki 30K. DOSKEY inakwenda eneo la 1 kwa sababu 32K sasa ndiyo kubwa, linabaki 28K. MTANDAO inafika na 48K zake, imechelewa.

Sasa mlete MTANDAO mara tu baada ya CDROM. Eneo la 2 lina 76K, 48K zinaenea, anapotulia anabaki na 26K na eneo linabaki na 50K. SMARTDRV inachukua 29K, zinabaki 21K. MOUSE inakwenda eneo la 1, linabaki 15K. DOSKEY inarudi eneo la 2, linabaki 17K. Mradi hizo tatu hazihitaji zaidi sana wakati wa kuanza, wote wamepanda. Kumbukumbu ya kawaida iliyo huru imetoka 589K hadi 615K, na hatujagusa chochote zaidi ya mstari mmoja wa AUTOEXEC.BAT. Muhtasari wa juu sasa unasema 32K huru badala ya 58K, na hali ni njema zaidi. Anayepima mafanikio kwa wingi wa nafasi huru ya juu anapima kinyume.

Kanuni inayotoka hapo ni kupakia kwanza kile chenye saizi kubwa ya kuanzia, si kile chenye saizi kubwa ya mwisho. Kuna mipaka, kwa sababu draiva nyingine zinategemeana. HIMEM lazima itangulie EMM386, na MSCDEX haina kazi kabla draiva ya CD haijapakiwa.

MEM /M inakuja mwisho, nayo ni fupi: MEM /M MTANDAO inakuambia segimenti, namba ya eneo, kiasi, na kila kipande ni cha aina gani, programu au nakala ya mazingira. Safu ya eneo ikiwa tupu, kipande hicho kiko kumbukumbu ya kawaida. Hapa utagundua jambo ambalo /C inalichanganya kwenye jumla: moduli moja inaweza kuwa na vipande viwili sehemu mbili tofauti. Ukipata kisa cha programu iliyopanda juu huku kipande chake kidogo kimebaki chini, /M ndiyo itakayokionyesha bila kukusomesha kurasa tatu.

Namba za maeneo kutoka /F na /M ndizo zinazoingia kwenye /L. DEVICEHIGH /L:2 inaifungia draiva eneo la 2 peke yake. Ukiongeza koma na idadi ya baiti, unaiambia MS-DOS isijaribu kama kipande ni kidogo kuliko hapo. Swichi ya /S huandikwa zaidi na MemMaker, programu ya MS-DOS 6 inayopanga kumbukumbu yenyewe, kuliko na watu. Katika MS-DOS 5 hakuna /L wala /F. Kuna SIZE= kwa heksadesimali kwenye DEVICEHIGH, na zaidi ya hapo unabaki na kupanga mistari.

Na MemMaker je? Inapima saizi ya kuanzia kwa kupakia kila draiva chini ya uangalizi wa SIZER.EXE, jambo ambalo MEM haiwezi kulifanya, na kwa hilo naiheshimu. Hata hivyo inafuata utaratibu wa mistari ulioukuta na kutafuta eneo linalofaa kila mmoja. Panga mistari kwanza kwa akili yako, ndipo umwite MemMaker.

MSD: picha ya anwani

MSD, iliyokuja pamoja na MS-DOS 6, huchora eneo la juu lote kwa mistari ya 16K na kutia alama palipo na ROM, RAM, dirisha la EMS, vitalu vya juu vilivyotumika na vilivyo huru, na pale inapodhani panaweza kupatikana. Ripoti za MEM hazioni kitu ambacho EMM386 haikukitoa. MSD inaona mapengo ambayo bado hayajatumika, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ukiona B000 hadi B7FF hapana kitu, kuna 32K ambazo unaweza kuzidai kwa I=B000-B7FF kwenye mstari wa EMM386, kwa sababu anwani hizo ni za maandishi ya skrini ya rangi moja na mashine nyingi hazizigusi. Ukitumia Windows 3.1 juu yake, itakubidi uweke MONOUMB.386 kwenye SYSTEM.INI.

Lakini "panaweza kupatikana" ni makisio. Kadi ya mtandao ambayo kumbukumbu yake haijaamshwa inaweza kuonekana kama pengo tupu, kisha mashine ikaganda siku draiva yake itakapoanza kazi. Kabla ya kuamini picha, washa mashine ukibonyeza F5 ili CONFIG.SYS irukwe, endesha MSD humo, na soma mipangilio ya kadi yenyewe. Anwani za kadi zizuie kwa X=.

MSD pia ina skrini ya draiva, yenye jina la kifaa, faili, idadi ya diski, anwani ya kichwa na sifa. Ni nzuri kwa kuona mnyororo wa draiva ulivyofuatana. Haisemi kila draiva imekula kiasi gani, kwa hiyo kama swali lako ni kilobaiti, rudi kwa /C. Na wala MSD wala MEM usiziendeshe ndani ya dirisha la Windows ukategemea namba zake kwa kupanga CONFIG.SYS. Utakuwa unapima mashine ya kufikirika ambayo Windows imekutengenezea.

DEBUG, QEMM na FreeDOS

Ripoti mbili zikipingana, DEBUG, inayosoma kumbukumbu baiti kwa baiti, inaweza kuamua. Kila kitalu cha kumbukumbu kimetanguliwa na kichwa cha baiti 16: herufi M, au Z kwa cha mwisho, kisha mwenye kitalu, kisha saizi kwa aya za baiti 16, na kwenye baiti ya nane jina. Kichwa kikiwa segimenti 1000 na saizi ikiwa 0400 kwa heksadesimali, kitalu kina baiti 16,384 na kichwa kinachofuata kiko 1401. MEM inafuata mnyororo huohuo. Njia hii ni ya polepole, na kwa kupanga draiva za kila siku haihitajiki.

Kwa aliyetumia QEMM badala ya EMM386, Manifest ya Quarterdeck inaunganisha picha ya MSD na orodha ya /C mahali pamoja, na kwa usomaji ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja. Haina maana kuisaka kama huna QEMM. Kwa FreeDOS, MEM yake ina /C inayofanana na ya MS-DOS 6, ila mstari wa kwanza unaitwa SYSTEM, na ina /DEVICE kwa ajili ya orodha ya draiva peke yake, kitu ambacho MEM ya Microsoft haina.

Kwa anayetaka kuchagua haraka

| Swali lako | Ripoti |
|---|---|
| Nani amebaki chini ingawa nilimwambia apande? | MEM /C |
| MSDOS imenenepa, kwa nini? | MEM /D |
| Programu haioni EMS au CD | MEM /D |
| Juu kuna nafasi, mbona haitoshi? | MEM /F |
| Moduli hii iko eneo gani hasa? | MEM /M |
| Naweza kupata nafasi zaidi ya juu wapi? | MSD, baada ya F5 |

Ripoti yoyote utakayoichagua, ihifadhi kabla ya kubadilisha chochote: MEM /C > KABLA.TXT, na baada ya kuwasha upya, MEM /C > BAADA.TXT. Usiweke /P hapo, la sivyo amri itasimama ikisubiri ubonyeze kitufe huku skrini haionyeshi kitu. FC KABLA.TXT BAADA.TXT itatoa mistari iliyobadilika. Badilisha mstari mmoja kwa kila kuwasha. Ukibadilisha mitatu na kilobaiti 20 zikapotea, FC itakuonyesha zilikopotea, ila haitakuambia ni mstari upi kati ya ile mitatu uliozishusha, kwa kuwa draiva moja ikisogea huwasogeza wote wanaoifuata.